Mkaguzi wa Mayai katika Ofisi ya Vidonge

Mimi ndiye niliyepiga chapa barua ya kufungua ofisi yetu pale Omaha, na mimi ndiye niliyepiga chapa barua ya kuifunga. Kati ya barua hizo mbili sikubadilisha utepe wa mashine zaidi ya mara tatu. Ofisi ilikuwa na jina refu kama garimoshi la mizigo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pumzi ya kulitamka lote, sisi wenyewe tuliiita Ofisi ya Vidonge. Ilizaliwa mwaka 1966, ikafa mwaka 1968. Watu wengi wa Nebraska hawakujua kama imezaliwa, na waliojua hawakuja mazishini.

Katika ofisi hiyo alikuwapo mtu mmoja aitwaye Elwood Pospisil. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mrefu, mabega yameinama mbele, na pua ambayo hata mkewe Ludmila alikiri kwamba iliingia chumbani kabla yake. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kunusa mayai. Msicheke. Viwanda vya mikate vilinunua mayai yaliyovunjwa na kugandishwa katika madebe makubwa, na serikali haikuwa na chombo cha kujua kama debe lina yai viza ila pua ya binadamu. Elwood alitoboa barafu ile kwa kekee, akainama, akanusa mara moja, akasema "nzuri" au "mbovu". Hakuvuta sigara. Hakula kitunguu siku za kazi. Hakuna mwenye kiwanda aliyethubutu kubishana naye.

Siku hizo madereva wa malori walikuwa wakimeza vidonge vya kukesha kama njugu. Mtu aliendesha siku tatu bila kufumba jicho, mpaka akaanza kuona ng'ombe wenye mabawa wakikatiza barabara, akaingia mtaroni kuwakwepa. Ilikuwapo idara kongwe ya kupambana na heroini na bangi, wanaume wa suti nyeusi na kofia, lakini vidonge havikuwahusu. Basi serikali ikatunga sheria, ikaunda ofisi ya kuisimamia, kisha ikageuka huku na huku kutafuta watu wa kuijaza. Waliokuwa karibu ni wafamasia na wakaguzi wa chakula.

Ndivyo mnusaji wa mayai alivyopewa bastola.

Walimpeleka mafunzoni wiki nane. Alirudi na cheti na plasta kidoleni. Nilimuuliza ilikuwaje.

"Kemia nilipata alama zote, Verna," alisema.

"Na shabaha?"

"Nililenga vizuri. Jirani yangu ndiye aliyepata alama."

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Harlan Truesdale, mfamasia mstaafu mwenye vidonda vya tumbo, aliyekuwa akinywa maziwa kutwa nzima na kuogopa simu. Alimwita Elwood mbele ya meza yake, nami nikiandika kumbukumbu pembeni.

"Pospisil, utajifanya dereva wa lori. Utakaa kwenye migahawa ya barabarani, utanunua vidonge, utatuletea muuzaji. Unahitaji jina la uongo."

Elwood alifikiri mpaka maziwa ya Bwana Truesdale yakaisha.

"Butch," alisema.

"Butch nani?"

"Butch Pospisil."

"Jina la uongo, bwana! Lote!"

"La kwanza ni uongo tayari, mkubwa. La pili ni la baba yangu. Siwezi kumkana baba yangu kwa ajili ya vidonge."

Likabaki hivyo. Lori lenyewe tuliazimwa na watu wa mifugo. Walilipaka rangi ya kijani mara moja tu, nyepesi, kiasi kwamba jua likipiga ubavuni ulisoma vizuri kabisa CHANJO YA NGURUWE. Elwood alisema hakuna neno, atakuwa anaegesha kivulini.

Akaenda kwenye mgahawa wa Bernadine Kucera, magharibi ya mji, mahali barabara mbili kuu zinapokutana katikati ya mahindi. Bernadine alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mwili mpana, mdomo hauna breki. Madereva arobaini walikula kwake kwa siku, na kila mmoja alikuwa na kikombe chake ukutani. Aliyotuandikia Elwood kuhusu siku ile ya kwanza ninayakumbuka, na Bernadine aliponisimulia baadaye alinithibitishia kila neno huku akijifuta machozi kwa aproni.

Aliingia amevaa kofia mpya ya udereva, bei yake bado inaning'inia nyuma. Akaketi kaunta, akaagiza kahawa. Katika mafunzo walikuwa wamemfundisha orodha ya maneno ya mitaani, na orodha hiyo nadhani iliandikwa na kasisi. Akamgeukia dereva aliyekuwa karibu, jitu la ndevu nyekundu liitwalo Leroy Gaddis.

"Hujambo, mwenzangu wa usukani," alisema Elwood. "Je, pana peremende za kufungua macho hapa kijiweni?"

Vijiko vyote vilisimama.

"Mzee," Leroy alisema polepole, "maneno hayo umeyaokota wapi?"

"Barabarani."

"Barabara ipi?"

Elwood alimeza kahawa ikamuunguza. "Zote," alisema.

Hapo ingekuwa mwisho wa kazi yake, kama si pai. Bernadine alikuwa ameweka sahani ya pai ya cheri mbele yake, kwa huruma zaidi kuliko biashara. Elwood akainua uma, akasita. Akanusa. Akaushusha. Watu wakamwona anapigana na nafsi yake kama mlevi aliyeapa mbele ya chupa. Kisha akasimama, akazunguka kaunta, akaingia jikoni bila ruhusa.

"We! Unakwenda wapi, baba?" Bernadine alimfuata na mwiko.

"Mama, mafuta yako ya nguruwe yameanza kuchacha."

"Mafuta yangu?"

"Si yote. Ni debe la chini, upande wa jiko. Na friji yako haifungi vizuri, mpira wa mlango umepasuka huku kwenye kona. Na kuna panya mmoja amekufa nyuma ya gunia la unga. Si zamani. Jumamosi, nadhani."

Bernadine akasogeza gunia. Panya alikuwapo.

"Wewe ni dereva kweli?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Dereva wa nini?"

Elwood aliyajua majibu mawili tu ya kweli, na yote mawili yalikatazwa. "Wa lori," akasema, akatoka nje. Jua lilikuwa limehama, na madereva kumi na mmoja walikuwa dirishani wakisoma ubavu wa lori lake.

Kuanzia siku hiyo kila mtu katika barabara ile, kutoka mtoni mpaka mpaka wa Wyoming, alijua kwamba Butch Pospisil ni mtu wa serikali. Hawakujua serikali inataka nini. Wengine walisema ni mtu wa nguruwe. Lakini hakuna aliyemchukia, kwa sababu pai za Bernadine zilianza kuwa tamu ajabu. Madereva wakaanza kumletea vitu. "Butch, ninusie maziwa haya." "Butch, nyama hii nimesafiri nayo kutoka Chicago, nile au nitupe?" Leroy Gaddis alimletea viatu vyake, Elwood akamwambia kwa upole kwamba hilo liko nje ya mamlaka yake. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha tatu tangu asubuhi, na Bernadine akamtundikia kikombe ukutani.

Kikombe kilikuwa na rangi ya waridi na picha ya nguruwe. Alijivunia sana kikombe hicho, akakiandika katika taarifa.

Taarifa zake! Bwana Truesdale alizisoma ameshika tumbo.

"Miezi saba, Pospisil! Miezi saba hujamkamata hata paka! Umeniandikia kurasa nne kuhusu friji!"

"Friji imepona, mkubwa."

"Mimi nataka vidonge!"

"Vidonge vipo. Wanavimeza chooni ili nisione. Wananistahi."

Bwana Truesdale aliomba maziwa.

Mwishoni mwa majira ya joto ya mwaka wa pili akatokea Corwin Tuttle. Alikuwa mtu nadhifu, nywele zimelala kwa mafuta, anauza mito ya kukalia kwa madereva wenye maumivu ya kiuno. Biashara halali, na mito ilikuwa mizuri. Ila baadhi ya mito ilikuwa mizito kidogo kuliko mingine, na walioinunua hiyo hawakulala kwa siku nne. Tuttle alikuwa na akili, na akili ndiyo iliyomponza. Kwa wiki tatu alikaa meza ya pembeni akimwangalia Elwood. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akahamia kiti cha nne.

"Butch, nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Watu wa hapa wanasema wewe ni wa serikali."

Elwood hakuwahi kusema uongo mzima maishani mwake. Alikohoa. "Wanasema hivyo?"

"Wajinga hao. Mimi nimekuchunguza." Tuttle akamsogelea. "Lori limeandikwa nguruwe. Kurudi nyuma hujui, umegonga nguzo ile ile mara tano. Ukiulizwa unatoka wapi unaona haya. Serikali ina hela, ndugu yangu, ina vyuo, ina watu waliosoma. Haiwezi hata siku moja kumwajiri mtu kama wewe. Wewe una shida zako tu, na mtu mwenye shida namwonea huruma. Unataka mto?"

Elwood aliniambia kwamba hapo moyo wake ulipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwamini kazini, na sababu yenyewe ndiyo hiyo.

Akanunua mto. Akauleta ofisini ameukumbatia kama mtoto mchanga. Tukaupasua mezani kwangu, vikamwagika vidonge vyeupe elfu moja, vingine vikabingirika mpaka chini ya kabati. Bwana Truesdale akafurahi mpaka akakosa kidonda kwa dakika kumi.

"Tumkamate kesho!"

Elwood hakumsikia. Alikuwa amechukua kidonge kimoja, amekiweka chini ya pua, amefumba macho. Uso wake ulibadilika kama wa mtu anayesikia wimbo wa shuleni kwao.

"Verna, nusa."

Nikanusa. "Sisikii kitu."

"Unga wa mayai. Ulioungua. Na chini yake kuna mafuta ya mnanaa." Akafumbua macho. "Brasken. Kiwanda cha unga wa mayai cha mji wa Brasken. Nilikifunga mimi mwenyewe mwaka hamsini na tisa. Yaliungua magunia mia nne mle ndani, na mwenye kiwanda akamwaga pipa zima la mnanaa sakafuni ili nisijue. Mbao zilikunywa. Duniani hakuna jengo jingine lenye harufu hiyo. Vidonge hivi vinatengenezwa mle."

Bwana Truesdale alitutazama kwa zamu. Kisha akasema jambo la maana, pengine la pekee nililomsikia akisema: "Ukimkamata muuzaji peke yake, mwezi ujao atakuja mwingine. Tukipata mashine, tumekata mzizi. Lakini hakimu atasema nini?"

Hakimu alikuwa Amos Pettibone, mzee wa miaka sabini na tano, shingo kama ya kobe, aliyekuwa akijivunia kwamba hajawahi kufanywa mjinga na mtu wa mjini. Tulikwenda watatu ofisini kwake kuomba hati ya upekuzi. Akasoma ombi letu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Bwana Pospisil. Hapa palipoandikwa 'ushahidi', umeandika 'pua'."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Pua ya nani?"

"Hii."

"Unataka nivunje mlango wa raia wa Marekani kwa sababu ya pua?"

"Ni pua yenye uzoefu, mheshimiwa."

Hakimu akamwita karani wake, akamnong'oneza. Karani akatoka, akarudi na vikombe vitano vya maziwa juu ya sinia. Alikuwa ameviandika namba chini ya kitako.

"Maziwa haya yametoka nyumba tano za mtaa huu. Kikombe kimoja kina ya jana. Nionyeshe."

Elwood akainama juu ya sinia. Mimi nilijikuta nimeshika mkono wa Bwana Truesdale, nikauachia haraka.

"Ya jana ni haya ya pili," Elwood alisema. "Haya ya nne yamekaa karibu na kabichi. Haya ya mwisho si ya ng'ombe, ni ya mbuzi. Na haya ya kwanza, samahani, karani ameyaonja njiani. Anakula tumbaku."

Karani akawa mwekundu. Hakimu akageuza vikombe kimoja kimoja. Bado hakutaka kushindwa. "Bahati," alisema.

"Mheshimiwa," Elwood akasema, na nilijua kutokana na sauti yake kwamba analotaka kusema linamchoma kama lile la mafuta ya Bernadine, "sikutaka kusema mbele ya watu. Lakini ni kwa afya yako. Droo ya tatu, mkono wa kushoto. Kuna mkate wenye ulimi wa ng'ombe. Usiule. Ni wa tangu Ijumaa."

Hakimu Pettibone alifungua droo. Akachungulia. Akaifunga. Akachukua kalamu akatia sahihi kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

"Tokeni," alisema. "Na wewe, karani, tupa hiyo tumbaku."

Tulikwenda Brasken siku ya Alhamisi, mchana kweupe, tukiwa na magari mawili. Kikosi chetu kilikuwa Elwood, wafamasia wawili, mkaguzi wa zamani wa jibini na mimi. Mimi nilipelekwa kwa sababu sheria ilitaka awepo mwanamke endapo kuna mwanamke wa kupekuliwa. Nilivaa viatu bapa, nikabeba daftari. Bwana Truesdale alibaki garini na chupa yake ya maziwa, akasema ataongoza kutoka pale.

Kiwanda kilikuwa kimeota magugu mpaka madirishani. Elwood akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akatabasamu. Kisha akagonga. Katika mafunzo walimfundisha kupiga teke, lakini alisema mlango haujamkosea.

Mlango ukafunguliwa na bibi mmoja mwenye wavu wa nywele na aproni safi. Nyuma yake bibi mwingine wa umri ule ule alikuwa akizungusha mpini wa mashine, tka-tka-tka, na vidonge vikimwagika ndooni.

"Karibuni," alisema wa kwanza. "Mmekuja kwa ajili ya dawa ya kuku?"

"Dawa ya kuku?" Elwood aliuliza.

"Ndiyo, baba. Bwana Tuttle ametueleza. Kuku akila moja, hapati usingizi, anataga usiku na mchana. Mimi na dada yangu tunatengeneza elfu sita kwa siku. Tunaosha mikono kwanza."

Walikuwa Hedvika na Albina, mabinti wakongwe wa fundi cherehani wa mji ule, na niliona wazi kwamba wanasema kweli. Mkaguzi wa jibini akavua kofia. Mimi niliyeletwa kuwapekua nikajikuta nimepewa kiti na andazi la jamu, maana hivyo ndivyo watu wa Brasken wanavyomfanyia mgeni, awe na hati ya upekuzi au asiwe nayo.

Wakati huo huo mlango wa nyuma ukabamizwa. Mmoja wa wafamasia akapiga kelele, "Tuttle! Nimemwona!" Wote wakakimbia. Nami nikakimbia, andazi mkononi. Nyuma palikuwa na ghala kubwa lenye mapipa ya chuma kama sitini yaliyobaki kutoka enzi za unga wa mayai, kila moja linamtosha mtu. Hakukuwa na mlango mwingine. Tuttle alikuwa ndani ya pipa mojawapo.

Wafamasia wakatoa bastola. Elwood naye akatoa yake, akaitazama, akairudisha.

"Umesahau nini?" nilimnong'oneza.

"Risasi."

Kisha akaanza kutembea kati ya mapipa, mikono nyuma, polepole, kama alivyokuwa akitembea miaka kumi na tisa katika vyumba baridi vya viwanda. Alipita safu ya kwanza, ya pili, akasimama safu ya tatu. Akabisha hodi juu ya pipa kwa kidole.

"Bwana Tuttle, toka. Humo ndani kuna vumbi la mayai la miaka minane, litakuua mapafu."

Akabisha tena.

"Nasikia harufu ya mafuta yako ya nywele. Ya yasmini. Ni mazuri, lakini yanatembea."

Kifuniko kikainuka. Tuttle akachomoza kichwa, nywele zimejaa unga wa njano, akaonekana kama kifaranga aliyeanguliwa akiwa na miaka arobaini.

"Wewe!" alisema. "Lakini nilikuambia serikali haiwezi kumwajiri mtu kama wewe!"

"Hata mimi nilishangaa," Elwood alisema, akampa mkono atoke.

Wale mabibi wawili hawakushitakiwa. Elwood aliwaandikia barua ya ushahidi ya kurasa tatu, pamoja na sifa za usafi wa mikono yao. Tuttle alipata miaka minne. Barabarani vidonge vikawa adimu kwa miezi kadhaa, na Bernadine aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza madereva walilala usingizi wa kweli, vichwa juu ya meza zake, wakikoroma katikati ya chakula cha mchana, hata akalazimika kuweka saa ya kengele kaunta.

Tulidhani tutapewa medali. Februari iliyofuata ikaja barua kutoka Washington. Ofisi yetu na ile idara kongwe ya watu wa kofia zinaunganishwa kuwa kitu kimoja kipya. Niliipiga chapa nakala saba, na kila nakala nilitumaini nimesoma vibaya.

Watu wa kofia walikuja Aprili. Walikuwa watano, hawakuketi, walipima vyumba vyetu kwa hatua. Mkubwa wao alituita mmoja mmoja.

"Pospisil. Umekamata watu wangapi?"

"Mmoja, bwana."

"Kwa wiki?"

"Kwa jumla."

Yule mtu alicheka, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akaacha. "Miaka miwili, mtu mmoja?"

"Ila ndiye aliyekuwa mwenye mashine, bwana," Elwood alisema. "Tulipomkamata huyo, vidonge vilikwisha."

"Hapa tunahesabu vichwa," alijibu yule mtu, akaandika kitu.

Walimpa nafasi ya kuhamia Baltimore, kukaa chumba cha chini na kupanga majalada. Akaomba badala yake arudishwe kwenye mayai. Jibu lilichukua mwezi mzima. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na kijana mwenye shahada, na kijana huyo alikuwa na mashine inayopima uozo kwa sindano na mshale.

Siku ile sikucheka. Elwood aliisoma barua hiyo amesimama karibu na dirisha langu, akaikunja vizuri, akaniuliza kama nina karatasi ya kufungia vitu. Nilimpa. Akafunga kikombe chake cha nguruwe, alichokuwa amepewa na Bernadine aje nacho ofisini, na kalamu mbili. Watu wa kofia walikuwa chumba cha pili wakigombania viti vyetu. Bwana Truesdale alikuwa ameshastaafu mara ya pili, na aliponiaga alisema kwamba vidonda vyake vimepona siku ile ile aliyopokea barua.

"Utafanya nini sasa, Elwood?" nilimuuliza.

"Nitamwambia Ludmila kwanza," alisema. "Yeye ndiye anayejua mimi hufanya nini."

Ludmila alimwambia alale siku mbili, kisha achimbe bustani. Alichimba mpaka Juni. Majirani wote walipata viazi. Mwezi huo wilaya ilitafuta msimamizi wa majiko ya shule, mtu wa kuzunguka shule thelathini na kuonja maharage ya watoto, na Hakimu Pettibone, ambaye alikuwa katika kamati, aliwaambia wenzake kwamba wasipoteze muda kusoma barua nyingine za maombi. Elwood aliifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Wapishi walimwogopa mwezi wa kwanza, halafu wakawa wanabishana naye kwa sauti, na hilo ndilo alilolipenda.

Mimi nilihamishiwa ofisi ya hali ya hewa, ambako hakuna aliyewahi kuficha kitu katika mto. Niliwahi kukutana naye katika maonyesho ya wilaya, Agosti ya mwaka 1974, banda la vyakula. Alikuwa jaji wa kachumbari za chupa. Nywele zilikuwa zimeondoka, pua ipo. Tuliketi kwenye benchi tukala soseji, akaniuliza habari za kila mtu wa zamani, hata za wale wafamasia.

"Huikumbuki ile ofisi?" nilimuuliza. "Huna hamu nayo hata kidogo?"

Alifikiri, kama alivyofikiri siku ya kuchagua jina.

"Asubuhi nilikuwa naogopa kwenda, Verna. Kila siku. Nilikuwa nakaa ndani ya lori nikisali, ndipo naingia mgahawani. Halafu Leroy ananiita, 'Butch, njoo unuse hiki,' hofu inaisha." Akafuta haradali mkononi. "Sijawahi kuwa na marafiki wengi namna ile tangu..."

Hakumaliza. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya majani alikuja akitingisha chupa mbili, uso umewaka.

"Bwana Pospisil! Nani kasema matango yangu yana siki ya dukani?"

"Ni mimi, mama."

"Siki hiyo nimetengeneza mwenyewe kwa matofaa ya shambani kwangu!"

"Nusu, mama," alisema Elwood, akiinuka na kuvaa miwani. "Nusu umetengeneza. Hebu twende mezani, tuzifungue zote mbili."

Wakaondoka pamoja wakibishana kati ya meza za jamu, na soseji yake akaniachia mimi.